UZI: Ukumbi wa kijijini Ayalandi uliosababisha mwenye nao atimuliwe kwenye nchi aliyozaliwa

Kabati la Nyaraka:
Wakuu salaam. Kwenye ule uzi wa vita vya uhuru vya Ayalandi nilimtaja mtu anaitwa Jimmy Gralton, watu wakaniuliza huyo nani tena, nikaona komenti moja haitoshi ngoja nimfungulie uzi wake kabisa. Naandika kwa simu, msinisumbue na koma na nukta.

Wengi wetu historia ya Ayalandi tunaijua kwa njaa ya viazi na IRA, wale wapiganaji waliopigana na Mwingereza, basi. Mimi leo naleta ukumbi. Ukumbi wa kijiji tu, wa kuchezea dansi na kusomea jioni, sehemu inaitwa Effrinagh, kaunti ya Leitrim. Ukumbi huo ulichomwa moto, na aliyeujenga akapandishwa meli kwa nguvu akaambiwa wewe ni mgeni hapa, nenda kwenu. Na kwao ni hapohapo.

Kwanza eneo lenyewe. Leitrim iko kaskazini magharibi, ardhi yake mbovu, maji yanasimama shambani, watu wana vishamba vidogo vidogo. Sensa ya 1841 ilikuta watu zaidi ya 150,000. Sensa ya 1926 hawafiki hata 60,000. Njaa iliyoanza 1845 iliua wengi, halafu waliobaki wakawa wanaondoka, kizazi baada ya kizazi, Liverpool, Boston, New York. Kwa hiyo kijana aliyebaki kijijini jioni ikifika ana sehemu mbili za kwenda, kanisani au baa.

Gralton kazaliwa hapo Aprili 1886. Shule kaacha mapema, akafanya kazi Dublin, akaingia jeshi la Mwingereza, akagoma kupelekwa India wakamfunga, akatoroka jeshi, akafanya kazi bandarini Liverpool, akachimba makaa ya mawe Wales, mwisho wa siku akavuka hadi New York. Huko akachukua uraia wa Marekani. Hicho kipande cha uraia kiwekeni akilini, mbele huko ndo kitamng'ata.

mama_kijacho:
Nimeweka kambi hapa. Leta vitu mkuu

Tia Nyama:
Kabati bwana unaanzaga vizuri halafu unapotea wiki mbili, tunakujua. Maliza leoleo

Kabati la Nyaraka:
Leo namaliza, tulia.

Kule New York jamaa akawa mfuasi wa James Connolly. Huyu Connolly ni msoshalisti na mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya Pasaka 1916 pale Dublin. Alijeruhiwa mguu vibaya hadi hawezi kusimama, Waingereza wakamfunga kwenye kiti ndo wakampiga risasi, 12 Mei 1916. Mwenzake Patrick Pearse, aliyekuwa mwalimu, walishamuua tarehe 3. Hayo majina mawili shikeni.

1921 katikati Gralton anarudi kijijini, vita na Mwingereza iko ukingoni, Julai wanasimamisha mapigano. Anakuta ukumbi wa zamani wa pale kijijini umechomwa na majeshi ya Waingereza. Akasema tunajenga mwingine. Ardhi ya familia yake, hela kubwa ya kwake aliyochuma Marekani, majirani wakatoa nguvu zao. Ukafunguliwa 31 Desemba 1921, wakauita Pearse-Connolly Hall. Mkataba na Uingereza umesainiwa tarehe 6 mwezi huohuo, yani nchi haina hata mwezi tangu iahidiwe kujitawala na wanakijiji wa Effrinagh tayari wana ukumbi wao wenye majina ya mashujaa wa juzi.

Sasa mle ndani kulikuwa na nini. Dansi ndiyo, lakini pia madarasa: lugha ya Kiayalandi, Kiingereza, muziki, kucheza ngoma zao za asili, uraia, kilimo. Wanasimamiwa na kamati waliyoichagua wenyewe. Na hapa ndo pa kutulia wakuu, ukumbi huohuo ulikuwa unageuka mahakama ya ardhi.

Sikio la Kufa:
Mahakama ya ardhi kwenye ukumbi wa dansi? Nani kaipa mamlaka

Kabati la Nyaraka:
Swali zuri sana. Kipindi cha vita vya uhuru Waayalandi walikuwa wanaikwepa mahakama ya Mwingereza, bunge lao la kujitangazia liliunda mahakama zake, na za ardhi zikiwemo, watu wakawa wanapeleka kesi zao huko. Kwa hiyo wazo la kesi kuamuliwa nje ya mfumo wa mkoloni halikuwa geni hata kidogo. Tofauti ya Effrinagh ni kwamba kina Gralton hawakuishia kuamua. Kama wameona familia fulani ilifukuzwa shambani kwa dhuluma, wanakwenda kundi zima wanairudisha. Kama kuna tajiri kajaza ng'ombe kwenye eneo kubwa huku majirani hawana pa kulima, ng'ombe wanaswagwa nje.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwenye shamba kubwa, au ya padri ambaye ndugu zake ndo hao wenye mashamba, au ya serikali mpya ambayo ndo kwanza inataka kuonyesha kwamba inaweza kutunza utulivu. Unaona mtu ana ukumbi, ana vijana, ana mahakama, na hakuombi ruhusa.

Mei 1922 jeshi la serikali mpya ya Ayalandi (siyo Mwingereza tena, wenyewe kwa wenyewe) likaja kumkamata, akaponyoka. Mwezi uliofuata akarudi zake New York, na Ayalandi ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1923.

Padre Mstaafu:
Mimi ni mkatoliki na nasoma kwa makini. Usije ukaanza kututwisha kila kitu. Mapadri wengi Ayalandi ndo waliokuwa wanaendesha shule na hospitali wakati hakuna mwingine.

Kabati la Nyaraka:
Mzee wangu heshima kwako, sipingi hilo, na nitakuja kwa canon Hayes (canon ni cheo cha padri) huko mbele ambaye utampenda. Lakini hiki kipande kijacho hakina jinsi ya kukipaka rangi.

Tangu 1925 maaskofu wa Ayalandi walitoa tamko la pamoja kuhusu hatari za dansi, likasomwa makanisani. Hofu ilikuwa dansi za usiku, wasichana kwa wavulana, magari, giza, muziki wa kigeni. Huku kumbi ndogo zinaota kila kona kwa sababu vijana wanataka pa kwenda, na waliorudi kutoka Marekani wanakuja na mitindo mipya.

1932 chama cha de Valera, mmoja wa wapiganaji wa 1916, kinashinda uchaguzi na kuunda serikali, watu wa mrengo wa kushoto wanaona sasa kumekucha, Gralton naye anarudi nyumbani. Wazazi wazee, kuna shamba la kuangalia. Ukumbi unafunguliwa upya, na jazz inapigwa. Naye hakuwa mtu wa kujificha, alijiunga na kikundi cha wafanyakazi wa kimapinduzi ambacho baadaye ndo kilizaa chama cha kikomunisti cha Ayalandi. Na mwaka ni uleule ambao Dublin iliandaa kongamano la Ekaristi la dunia, mwezi Juni, misa ya Phoenix Park inakadiriwa ilikusanya watu kama milioni moja kwenye nchi yenye watu milioni tatu. Mwaka wa hamasa ya dini kuliko miaka yote, wewe unafungua ukumbi wenye jina la msoshalisti na unapiga jazz 😅

Mapadri wakaanza kuusema ukumbi altareni. Ukapigwa risasi. Usiku wa 24 Desemba 1932, mkesha wa Krismasi, ukachomwa hadi ukaisha.

mama_kijacho:
Mkesha wa Krismasi?? Aisee

Tia Nyama:
Nani alichoma

Kabati la Nyaraka:
Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Mimi siwezi kumtaja mtu.

Ila kilichofuata ndo kinanikera zaidi ya moto wenyewe. Ungetegemea polisi wamtafute mchomaji. Februari 1933 serikali ikatoa amri kwa aliyechomewa, kwamba awe ameondoka nchini kabla ya 5 Machi. Hakuna kesi, hakuna shahidi, hakuna kosa lililotajwa mbele ya hakimu. Amri ya kumtimua mgeni, basi.

Sikio la Kufa:
Ngoja. Kazaliwa pale, baba yake pale, shamba pale. Ugeni unatoka wapi?

Wakili wa Mtaani:
Nijibu hili maana liko upande wangu. Walitumia sheria ya wageni ambayo walirithi kwa Mwingereza, yani waliyempiga vita jana leo wanatumia rungu lake. Gralton alikuwa na uraia wa Marekani. Sasa mtu atasema lakini si kazaliwa Ayalandi? Katiba ya 1922, ibara ya 3, ilitoa uraia kwa mtu mwenye makazi ya kudumu ndani ya dola hiyo siku katiba inaanza kutumika, na awe amezaliwa Ayalandi, au mzazi wake kazaliwa huko, au ameishi huko miaka 7. Katiba ilianza 6 Desemba 1922. Siku hiyo Gralton yuko wapi? New York, kwa sababu Mei jeshi lilikuja kumkamata akakimbia. Kuna namna ya kubishana kwamba makazi yake bado yalikuwa Leitrim, lakini kubishana unahitaji mahakama, na mahakama hakupewa. Sheria ya uraia yenye upana zaidi ilikuja 1935, imechelewa.

Jongoo wa Barabarani:
Na mniruhusu niongeze chumvi. Huyo de Valera ambaye serikali yake inamwambia mzaliwa wa Leitrim arudi New York, yeye mwenyewe kazaliwa New York, 1882 😂😂 Kaangalieni

Tia Nyama:
Wewe Jongoo unatania

Jongoo wa Barabarani:
Nakuapia. Na hata 1916 inasemwa uzaliwa wake Marekani ni moja ya vitu vilivyotajwa kwenye sababu za yeye kuponea kupigwa risasi kama wenzake, japo wanahistoria wanabishana kama ulimsaidia kweli.

Kabati la Nyaraka:
Jongoo kanimalizia utamu. Ni kweli kabisa kazaliwa New York.

Basi Gralton hakwenda. 5 Machi ikapita, akaingia mafichoni, majirani wakawa wanamficha nyumba hadi nyumba, miezi mitano na ushee. Upande wake wakajaribu kufanya mikutano ya kumtetea. Peadar O'Donnell, mwandishi na mpiganaji wa zamani wa IRA, mtu mwenye jina kubwa, alikwenda Drumsna jirani na hapo kuhutubia akaishia kurushiwa matope. Kwa hiyo msidhani kijiji chote kilikuwa nyuma ya Gralton. Kuna waliomficha na kuna waliorusha matope, na pengine walikuwa wanakaa benchi moja kanisani.

Machi hiyohiyo kule Dublin umati ulivamia jengo la Connolly House, makao ya hao wafanyakazi wa kimapinduzi, ukalizingira siku tatu huku watu wanaimba nyimbo za kanisa. Hali ya hewa ya nchi ndo ilikuwa hivyo.

Agosti 1933 wakampata. Akapelekwa Cork, akawekwa melini, New York.

Padre Mstaafu:
Hilo la kuimba nyimbo za kanisa huku unavamia jengo limenihuzunisha. Lakini bado nauliza, alichomewa kwa sababu ya jazz au kwa sababu ya ukomunisti? Maana kila mtu hapa anasema jazz.

Kabati la Nyaraka:
Mzee hapo ndo nilipotaka tufike. Mimi msimamo wangu ni kwamba jazz ilikuwa kisingizio kizuri tu. Kama tatizo lilikuwa jazz, mbona jeshi lilikuja 1922? Wakati ule mle ndani wanacheza ngoma za asili na kusoma kilimo. Tatizo lilianza siku ukumbi ulipoanza kuamua mambo ya ardhi, na tatizo likabaki lilelile miaka kumi baadaye: hapa kuna jengo la umma ambalo funguo zake hana padri, hana mwenye shamba, hana mbunge. Kumbi nyingine za dansi zilikuwepo kaunti hiyohiyo wala hazikuchomwa. Glenfarne kaskazini ya Leitrim kulifunguliwa ukumbi wa dansi 1934, wa biashara, mpaka leo unatajwa kwa fahari. Dansi ileile, wanaume upande huu wanawake upande ule, muziki ukianza wanaume wanavuka sakafu kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Hakuna aliyetimuliwa nchini.

Wakili wa Mtaani:
Nakupinga kidogo mkuu. Huwezi kuitoa dini kirahisi hivyo. Tarehe 1 Januari 1934, mwaka mmoja tu baada ya ukumbi kuungua, pale Mohill, Leitrim hiyohiyo, maelfu waliandamana kupinga jazz, wana bendi na mabango, kinara wao padri Peter Conefrey wa Cloone. Kiongozi wa Gaelic League, chama cha kutetea lugha na utamaduni wa Kiayalandi, akamshambulia hadi Waziri wa Fedha kwa sababu redio ya taifa inapiga jazz. Watu hao waliamini kweli wanachokisema. Ukisema kisingizio unawafanya wote wanafiki.

Kabati la Nyaraka:
Waandamanaji waliamini, hapo nakupa. Lakini aliyesaini amri ya kumtimua mtu hakuandamana Mohill. Redio ya serikali hiyohiyo ndo ilikuwa inapiga jazz. Kama ni hatari kiasi cha kumfukuza mtu nchini mwake, anza na redio basi.

Sikio la Kufa:
Point hiyo 👆

Wakili wa Mtaani:
Haya, ila serikali haikukaa kimya. 1935 wakapitisha sheria ya kumbi za dansi za umma. Kuanzia hapo dansi ya umma lazima leseni ya hakimu wa wilaya. Hakimu anaangalia tabia ya mwombaji, jengo, maegesho ya magari, mpaka kama eneo linahitaji ukumbi mwingine, na anaweza kuweka masharti ya saa na umri. Kwenye karatasi inaonekana ni usafi na usalama. Kiutekelezaji polisi na mapadri wakaanza kufuata hata zile dansi za jikoni kwa mtu na za njia panda, ambazo zilikuwepo enzi na enzi, kijana na fidla yake, majirani wanacheza.

Kabati la Nyaraka:
Na nani akawa na uwezo wa kukidhi masharti yote hayo? Parokia. Ndo kumbi za parokia zikasambaa vijijini, mwenyekiti wa kamati ni padri, mlangoni anasimama padri, mapato yanalipa deni la kanisa au shule. Sisemi zote zilikuwa mbaya. Canon John Hayes kule Tipperary alianzisha Muintir na Tíre, chama cha maendeleo ya vijiji, miaka ya 1930, na huyo alisisitiza mkulima, kibarua na tajiri wakae kamati moja, wajadili umeme, maji, ukumbi wa kijiji. Kumbi nyingi za jamii za vijijini Ayalandi zina mkono wa watu wa aina hiyo. Padre Mstaafu, nilikuahidi.

Padre Mstaafu:
Nimemwona. Asante. Hayes namfahamu kidogo, alikuwa mtoto wa familia iliyowahi kufukuzwa shambani enzi za vita vya ardhi, na nadhani ndo maana aliwaelewa wakulima.

mama_kijacho:
Gralton aliishia wapi? Alirudi?

Kabati la Nyaraka:
Hakurudi. New York aliendelea na vyama vya wafanyakazi na chama cha kikomunisti, akaoa mwishoni kabisa mwa maisha yake mwanamke kutoka kwao, akafa 29 Desemba 1945. Kazikwa makaburi ya Woodlawn, Bronx. Wazazi aliwaacha wazee na shamba.

Kwao jina lake lilikaa miaka mingi halitajwi kwa sauti. Baadaye wenyeji wachache wakaanza kukusanya kumbukumbu, ikaja na filamu 2014, na Septemba 2016 Rais Michael D. Higgins akaenda mwenyewe Effrinagh kuzindua mnara wa kumbukumbu pale ukumbi ulipokuwa, akaomba radhi hadharani kwa alichotendewa.

Tia Nyama:
Miaka 83. Si mbaya kwa spidi ya serikali 😂

Jongoo wa Barabarani:
Ukumbi wenyewe walijenga tena?

Kabati la Nyaraka:
Hapana, kuna mnara na eneo limetunzwa. Mimi ningependa wajenge ukumbi, mnara huwezi kufanyia mkutano wala kusomea jioni, lakini si kijiji changu.

Sikio la Kufa:
Na ile sheria ya 1935 ya leseni ya dansi, ilifutwa lini?

Wakili wa Mtaani:
Utacheka. Imerekebishwa hapa na pale lakini ilidumu. Wenye klabu za usiku Dublin wamelalamika miaka mingi kwamba kila wakitaka kuuza pombe kwenye dansi baada ya saa za kawaida lazima warudi mahakamani na kulipia amri maalum. 2022 serikali ilichapisha mpango wa sheria mpya ya pombe na kumbi za usiku ambayo ndani yake ingeifuta hiyo ya 1935. Kwa hiyo kina dada na kaka wa Dublin waliocheza muziki wa kielektroniki juzi 2022 walikuwa bado chini ya sheria iliyotungwa kwa hofu ya saksafoni.